Marehemu Anakusalimu Sana

Tarehe 4 Februari

Kwa mwanangu mpenzi, kifungua mimba wangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu, nyingi hata bahasha imevimba. Baba yako anakusalimu. Yuko kwenye kiti chake pale mlangoni, anasema yeye hajambo ila redio yake ndiyo mgonjwa. Bibi yako anakusalimu, anasema usioge maji ya baridi jioni. Mdogo wako Kitindamimba anakusalimu, anasema ukimletea zawadi isiwe daftari. Kinyozi anakusalimu. Fundi viatu anakusalimu, na vile viatu vyako vya zamani bado anavyo, anasema ama uje uvichukue ama avivae. Mama Pacha wa mlango wa pili anakusalimu pamoja na pacha wake wote wawili, yule mtulivu na yule mwingine. Paka hakusema kitu, lakini anakula.

Mimi mama yako ni mzima, ila huu mguu wa kushoto. Kukipoa kidogo unaanza kunong'ona kwenye goti. Usijali. Kazi ya mito inaendelea, sebule yote imekuwa pamba, baba yako anasema siku hizi akikohoa anatoa nusu mto.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Tumesikia umeshaingia kwenye ile nyumba ya shindano la biashara, simu wamewanyang'anya, na kinachoruhusiwa ni barua tu, tena zipitie ofisi yao. Si kitu. Barua ina faida yake, simu inakatika katikati ya neno. Kinyozi ameshatangaza kwamba kila Jumamosi saluni yake itaonyesha hicho kipindi chenu cha Ngazi ya Saba, na kila mtu aje na mto wake wa kukalia. Nimeuza mito mtaa mzima kwa ajili yako, na hata hujaonekana bado.

Ule mto niliokushonea wa kuwaonyesha, nakuomba usiulalie kabla majaji hawajauona. Nakujua. Waambie hivi: mto mzuri ukiubonyeza unarudi wenyewe, huusukumi. Ukishasema hivyo nyamaza, waache waubonyeze.

Na ukipewa nafasi ya kusema habari za kwenu, tutaje. Si lazima wote. Mtaje baba yako, maana yeye huwa ananuna. Mimi hata usiponitaja sitasema kitu.

Unakula? Unakula nini? Na jana ulikula nini? Nijibu haraka nipate usingizi.

Ni mimi mama yako.


Tarehe 26 Februari

Kwa Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Natumaini nyote hamjambo huko nyumbani. Msalimie Baba, Bibi, Kitindamimba, Kinyozi, Fundi viatu, Mama Pacha na wanawe. Mimi niko salama kabisa, hali ya hewa ni nzuri, na magodoro ya hapa ni manene.

Mama Mdogo, kwanza nikueleze utaratibu. Ofisi ya hapa husoma barua zote, zinazoingia na zinazotoka, kwa nia njema ya kulinda siri za shindano. Dada anayezisoma ni mtu mwema na ameipenda sana barua yako. Alishangaa kidogo kuona umemalizia kwa "mama yako". Nikamweleza kwamba kwetu sisi mdogo wake mama ni mama vilevile, hasa pale mama mwenyewe anapokuwa ametangulia mbele ya haki. Akasema hilo limemgusa.

Kwa hiyo naomba uendelee kuniandikia kama kawaida, wewe ukiwa Mama Mdogo. Nadhani unanielewa. Siku zote wewe ni mtu mwelewa.

Kuhusu ule mto, nimeona nije na wazo lingine. Washauri wa hapa wanasema mto hauna hadithi. Wazo lenyewe utaliona kwenye runinga, na ukiliona nakuomba usilione vibaya.

Chumbani niko na washindani wawili. Mmoja tunamwita Bwana Hewa, anataka kuuza hewa safi ya milimani ndani ya kopo. Mwingine ni Bwana Foleni, anataka kuajiri watu wa kukupangia foleni benki na hospitalini wakati wewe unaendelea na kazi zako. Ni watu wazuri, ila Bwana Foleni ana tatizo moja: hajui kulia.

Chakula kipo kingi.

Wako katika matumaini.


Tarehe 15 Machi

Kwa mwana wa marehemu dada yangu,

Salamu. Na wewe dada unayefungua barua za watu, nakusalimu pia. Kama ni mkubwa wangu, shikamoo. Kama ni mdogo, marahaba, na usome polepole, mwandiko wangu hupanda mlima.

Baba yako, ambaye siku hizi ni mgane, anakusalimu. Nitakueleza habari zake mbele. Bibi yako anakusalimu, yeye tangu Jumamosi ile ananishikashika mkono kila nikipita, anasema anataka kuhakikisha. Kitindamimba anakusalimu, anauliza kama na yeye ni yatima au ni wewe peke yako. Kinyozi, Fundi viatu na Mama Pacha wanakusalimu, wamekuona.

Tumekuona sote. Saluni ilijaa hadi kwenye ngazi za nje. Kinyozi alikuwa amemnyoa Fundi viatu nusu kichwa uliposimama pale mbele, suti imekukaa vizuri, kola tu ndiyo iliyopinda. Yule jaji mwenye tai nyekundu akakuuliza, "Kijana, umepitia nini?" Ukainamisha kichwa. Ukasema mama yako alikutoka ukiwa darasa la sita, na tangu siku hiyo hakuna mtu duniani aliyewahi kukuuliza kama umekula.

Saluni nzima ikanigeukia. Na mimi nikageuka nyuma, nikidhani labda kuna mtu amesimama.

Kinyozi akazima mashine. "Pole, mama," akasema.

"Pole ya nini?" Fundi viatu akamjibu, na kichwa chake cha nusu. "Mfiwa hapa ni nani, na maiti ni nani?"

"Nyamazeni bwana," Mama Pacha akasema, "tusikie biashara."

Ndipo tukasikia biashara. Mama wa Kukodi. Mtu aliye mbali na kwao analipa, anapigiwa simu na mama. Mama anamuuliza amekula nini, anamkaripia kidogo, anamtakia usiku mwema, anakata, halafu anapiga tena kwa sababu kuna kitu alisahau. Ukawaonyesha mfano. Ukabana sauti, ukaweka mkono kiunoni: "Unakula? Unakula nini? Na jana ulikula nini? Na hilo shati mbona ndilo lile lile?" Watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Tai Nyekundu akapangusa jicho.

Mama Pacha akanipiga kiwiko. "Shoga, huyo ni wewe mtupu!"

"Mimi?" nikamwambia. "Mimi si nimekufa?"

Bwana Foleni nilimhurumia. Walimuuliza na yeye amepitia nini, akasema amepitia foleni. Wazazi je? Akasema wazima, wanawasalimu. Hapo hapo nikajua huyu leo anarudi kwao, na kweli wakamtoa. Fundi viatu alikasirika sana, alisema lile ndilo wazo pekee lenye akili mwaka huu, yeye mwenyewe angelitumia kesho. Bwana Hewa akapita, kwa sababu babu yake alikufa kwa kukosa hewa safi. Fundi viatu akauliza, "Nani aliyewahi kufa na hewa anayo?" Kinyozi akamwambia atulie, la sivyo ataondoka na kichwa hicho hicho cha nusu.

Tangu hapo mtaani jina langu ni Marehemu. Nikipita wananiambia, "Marehemu, habari za huko?" Muuza mkaa amesema anaogopa kunikopesha. Na baba yako, kuna mama mmoja wa mtaa wa nyuma amemtumia salamu za pole mara mbili, mara ya pili na chungwa. Juzi nimemkuta anapaka mafuta kichwani, tena pale pale penye upara. Nikamuuliza unajipamba kwenda wapi? Akasema mgane naye ni mtu.

Kinyozi anasema tufunge midomo, ukishinda ni sifa ya mtaa mzima. Basi nimefunga. Mimi ni Mama Mdogo, kama ulivyotaka. Sina neno.

Ila marehemu dada yangu, angekuwa hai, angekuuliza jambo moja tu. Alikufa na nini? Maana hukusema, na watu wananiuliza. Na ule mguu wake, angekuwa hai ungekuwa unamsumbua sasa hivi wakati wa mvua. Unamsumbua sana. Usijali.

Marehemu anakusalimu. Jibu upesi.

Ni mimi Mama Mdogo.


Tarehe 9 Aprili

Kwa Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imepokelewa na imefurahiwa na ofisi nzima. Wasalimie wote, hasa Baba, na umwambie machungwa asiyapokee.

Nina habari njema. Dada msomaji alipeleka barua yako kwa bosi wake, yule mwongozaji wa kipindi tunayemwita Mwenye Kofia. Walipofika pale "marehemu anakusalimu" walirudia kusoma mara mbili; yale ya saluni waliyachukua kuwa utani wa mtaa. Mwenye Kofia akasema hajawahi kuona mtu mwenye imani ya namna hiyo, anayezungumza na ndugu yake aliyefariki kana kwamba anamwona. Kipande hicho kilisomwa kipindini na muziki chini yake. Kura zikapanda. Sasa watazamaji wanauliza kila wiki, Mama Mdogo yuko wapi?

Kwa hiyo kuna maombi mawili. La kwanza, watakupigia kwa simu ya Kinyozi, kipindi kikiwa hewani, uwe Mama wa Kukodi wa kwanza. Mteja wako atakuwa Tai Nyekundu mwenyewe. Muulize amekula nini. Usimuulize mengine.

La pili ni dogo tu. Mwenye Kofia na watu wake watakuja kupiga picha huko, kwa ajili ya fainali. Wanataka kuona kaburi. Najua utajua la kufanya, Mama Mdogo. Wewe hukwami.

Kuhusu ulilouliza: marehemu hakuteseka. Naomba hilo likufariji.

Bwana Hewa ameanza kukohoa.

Wako katika matumaini.


Tarehe 12 Mei

Kwa mwana wa dada yangu,

Salamu zetu zikufikie. Baba yako hajambo. Bibi yako hajambo, ameacha kunishika mkono, ameniamini. Kitindamimba hajambo, amepasua suruali. Kinyozi na Fundi viatu wamegombana kwa ajili yako, wakapatana kwa ajili ya runinga, maana iko moja. Mama Pacha hajambo ila hapatikani. Nitasema kwa nini.

Simu ilikuja. Ulinisikia, najua, nchi nzima ilinisikia. Lakini wewe hukuona huku kwetu. Kinyozi alinikalisha kwenye kiti kile cha kunyolea, akanifunga na lile shuka shingoni, sijui la nini. Mteja akasema, "Halo, mama," kwa ile sauti yake ya kwenye runinga. Nikamuuliza amekula. Akasema amekula. Nikamuuliza nini. Akasema saladi. Nikamwambia, baba, hayo ni majani, mimi nimekuuliza chakula. Saluni ikalipuka, na kwenye runinga nako nikasikia wanacheka.

Wewe uliniambia nisiulize mengine. Sikukusudia. Mtu mzima amejibana na tai saa zote, sauti imemkauka, ikanitoka tu: "Mama yako mzazi anajua umepungua hivyo?" Kwenye runinga nikamwona analegeza tai. Akasema mama yupo, yuko mbali, yeye hana nafasi ya kumpigia, ndiyo maana wazo hili ameliona la maana sana. Nikamwambia, "Si hiyo hapo simu umeishika?"

Wakaweka tangazo la dawa ya mbu.

Baadaye wakasema nimefuzu. Nimefuzu nini sijui. Lakini siku ile ile akina mama wa mtaa wote walitaka na wao kuandikishwa. Mama Pacha ana wana watano wa kukodi sasa, mmoja ni mhasibu. Kutwa yuko kwenye simu: umekula mwanangu, umekunywa maji mwanangu, vaa sweta mwanangu. Jana yule pacha mtulivu alimvuta gauni, "Mama, njaa." Akamwambia, "Ngoja kidogo, niko kazini, namuuliza mtu kama amekula." Nimewapa pacha chakula mimi.

Sasa lile la pili.

Walikuja na gari mbili na mwavuli mkubwa wakati mvua hakuna. Baba yako alipowaona alijifungia chooni. Mwenye Kofia akanishika mikono miwili, akasema pole sana, Mama Mdogo. Kisha akauliza kaburi liko wapi. Mimi nikamtazama Kinyozi. Kinyozi, mdomo wake huo haujawahi kukosa neno, akasema, "Lipo! Tena liko mahali pazuri."

Akatupeleka makaburini, akatembea mbele kama mwenye shamba, akasimama kwenye moja lisilo na kibao. Wakakata nyasi. Wakaweka maua waliyokuja nayo. Mwenye Kofia akaniambia, "Mama Mdogo, simama hapa. Mtazame dada yako. Mkumbuke. Lia kidogo tu."

Nikatazama. Niliona udongo umedidimia katikati na mchwa wameanza kazi. Nikajiuliza huyu ni mama wa nani, na wanawe wako wapi mbona hawaji kupalilia. Halafu nikaona kumbe ndivyo ulivyonilaza. Mimi niko chini hapo, na wewe umemtuma mtu wa kukodi aje anililie. Machozi yakagoma. Wakarudia mara ya pili na ya tatu. Mwenye Kofia akasema basi, tutaweka muziki.

Nililia nilipofika nyumbani, najaza mto, hadi ile pamba ikashikamana ikanibidi niitoe nianze upya. Baba yako alikuja akakaa juu ya gunia, akanishikia ule mto. Kisha akasema, "Mimi sijawahi kusema umekufa." Na yale mafuta ya kichwa sijamwona akiyapaka tena.

Nilikubali kuwa mdogo wangu mwenyewe. Nilikubali kuitwa Marehemu mbele ya muuza mkaa. Nikasema ni mtoto wangu, ana njaa ya maisha, mwache apite. Lakini Mwenye Kofia ameniambia kwamba ukishinda hadithi hii itabandikwa kwenye mabango barabarani, na mkataba unasema haigeuzwi tena. Hiyo maana yake sitarudi. Utakapooa, nitakaa meza ya akina mama wadogo. Ukizaa, mwanao ataonyeshwa lile kaburi la watu na kuambiwa bibi yako yule.

Kwa hiyo Mama Mdogo anaishia hapa. Hana barua nyingine. Ukiwa na neno, mwandikie mama yako. Anwani yake unaijua, ni hii hii.


Tarehe 2 Juni

Mama,

Shikamoo.

Barua hii nimempa dada msomaji mkononi, nikamwomba aisome mbele yangu, maana ile yako ya Mei alidhani ni majonzi yanayosema. Alisoma neno la kwanza akaniangalia.

"Mama yupi?"

"Huyo huyo."

"Aliyefariki?"

"Hakufariki. Anashona mito."

Akakaa chini.

Mama, siku ya kwanza tulipangwa mstari, kila mmoja anaulizwa amepitia nini. Aliyekuwa mbele yangu alisema amelelewa vizuri na anapendwa kwao. Wakamshukuru, wakamwonyesha mlango. Mlango ulikuwa karibu sana, Mama. Ilipofika zamu yangu ulimi ukatangulia. Nilikusudia ufe kwa dakika mbili tu, hadi nipite. Kesho yake nikakuta wameshaifanya biashara, na wanaipigia makofi, na mimi nikayapenda yale makofi.

Mto wako ninao. Ndio ninaoulalia.

Nilidhani Mwenye Kofia akijua atanifukuza. Alirukaruka kwa furaha. Anasema hii ni bora kuliko kaburi. Fainali ni Jumamosi ya tarehe 27. Anataka utokee nyuma ya pazia jeupe, na moshi, na mimi nipige magoti. Ukikubali anasema ushindi ni wangu, watu watapiga kura hadi mitambo izimike. Ukikataa watanitangaza mwongo mbele ya nchi nzima.

Sikuambii uje. Nimewaambia nitakuuliza, na ninakuuliza wewe, si mtu mwingine. Uliniuliza mara nyingi kama ninakula, nami nikakuandikia habari za magodoro. Sili vizuri, Mama.

Mwanao.


Tarehe 10 Juni

Kwa mwanangu,

Nimepata barua yako. Nilisoma lile neno la juu nikaikunja, nikaenda nikachota maji, nikarudi nikasoma tena lile lile. Yaliyobaki nimeyasoma siku ya pili.

Baba yako anakusalimu, anasema una akili ndogo na amekukumbuka. Bibi yako anakusalimu, anasema yeye alishasema. Alisema nini hatujui, lakini anasema alishasema. Kitindamimba anakusalimu, ameshatangaza shuleni kwamba si yatima na walimu wamemwambia wanajua. Mama Pacha anakusalimu, amepunguza wana wa kukodi, amebaki na yule mhasibu tu, anasema huyo hawezi kumwacha, kifua kinamsumbua. Kinyozi na Fundi viatu wanakusalimu na hawasemeshani tena. Kinyozi anasema niende nyuma ya pazia, anataka kujitolea kunisuka nywele mwenyewe, hajui kusuka. Fundi viatu anasema mwongo aliyetangazwa na waongo huwa amepandishwa cheo.

Mwenye Kofia alikuja kuniomba kwa mdomo wake. Alikaa pale kwenye gunia la baba yako. "Mama, utatembea polepole tu kuja mbele."

"Kwa mguu huu hilo halina shida," nikamwambia.

"Utasema: Mwanangu, nimerudi."

"Nimerudi kutoka wapi?"

"Hiyo tuwaachie watazamaji."

Nikamwambia, baba, mimi sikufa. Mtu asiyekufa mnamfufuaje? Mkinitoa kwenye moshi mtakuwa mmeniua mara ya pili, maana ya kwanza itakuwa ni kweli sasa. Akafikiri, akaniuliza kama ningependa moshi upunguzwe. Nikampa maji akanywa, nikamsindikiza hadi kwenye gari. Si mtu mbaya. Ila mtu akikaa sana na kamera anaona watu wote ni vitambaa vya kukata.

Kwa hiyo pazia sitaki.

Lakini nakuja. Nimeshaulizia basi. Siku hiyo ya fainali nitakuwa nje ya lango lenu, upande wa barabara, nimekaa na baba yako. Ameshanyoa, kwa ajili yangu safari hii, nimemuuliza mara mbili. Hatutaingia ndani hata tukiitwa. Huko ndani useme wewe, kwa mdomo wako ule ule uliotangulia. Sema mama yangu ni mzima, nilidanganya, hili wazo nimelitoa kwake bila kumuuliza. Usipige magoti. Kola uinyooshe. Mimi nilishakusemea kwa walimu, nikakusemea kwa majirani, nikakusemea hata kwenye lile kaburi la watu. Hili sikusemei.

Wakikupa ushindi baada ya hapo, haya, toka nao. Wakikuzomea, toka vile vile. Lango ni moja na sisi tutakuwa hapo. Nitakupiga kofi moja, hilo ulijue mapema usije ukasema nimekuvizia. Baba yako alitaka nimpigie na lake, nimemwambia mkono anao. Kisha utaniangalia usoni mchana kweupe, unishike na mkono ukitaka, kama bibi yako, na tutakwenda kutafuta chakula.

Kama ukiona huwezi kusema hayo, niandikie pia. Nitakuwa mama wa mtu aliyeshindwa kusema, nimeona wengi, wanaishi. Lakini niandikie, nisikae barabarani natazama lango la watu.

Dada unayesoma, umesoma mengi yetu, na wewe sasa ni wa nyumbani. Mpe mwanangu barua hii leo, usiipeleke kwa mtu wa kofia.

Marehemu alikuwa na subira nyingi, na Mama Mdogo naye alikuwa nayo kidogo. Mimi sina hata chembe. Jibu upesi.

Ni mimi mama yako.